UZI: Mikroskopi ipi kwa swali lipi? Kutoka labo ya Goma, kuanzia malaria hadi risasi

Labo_Katindo (Goma)

Hamjambo wandugu. Juzi jioni kijana wa jirani yangu hapa Katindo, anayesoma mwaka wa kwanza wa biolojia, alinijia na picha kwenye simu. Mikroskopi inauzwa mtandaoni kwa bei ya chini, imeandikwa kwamba inakuza mara 2000. Akaniuliza, "Mukubwa, na hii si tutaona hata virusi?" Nikamwambia virusi hatutaviona, na huenda hata malaria isionekane vizuri. Alishangaa. Tulikaa barazani mpaka usiku nikimweleza, na leo naandika hapa kwa sababu swali hilo hilo naulizwa na wauguzi, walimu, hata polisi wanaotuletea vitu kwenye sasheti wakitaka "mashine iseme".

Kuhusu maneno: vitabu vya Tanzania na Kenya vinasema hadubini. Huku labo tunasema mikroskopi, kioo cha kuwekea damu ni lamu, kifuniko chake chembamba ni lameli. Nitachanganya, mtanielewa.

Nimekaa labo miaka 14. Mtu akiniuliza "inakuza mara ngapi?" mimi namuuliza "unatafuta nini?" Swali ndilo linachagua mikroskopi. Ukikosea hapo, hata ukinunua ya dola elfu kumi, utaangalia na hautaona.

Tuanze na ile ya kila siku, ya mwanga wa kawaida. Mtoto anakuja na homa. Unamchoma kidole, unaweka damu kwenye lamu, unaitandaza kwa kona ya lamu nyingine iwe duara la kama sentimita 1. Unene wake uwe hivi: ukiweka lamu juu ya gazeti, bado unasoma herufi. Hiyo ndiyo GE, tone nene. Haipitishwi kwenye alkoholi. Inakauka yenyewe, kisha unamwagia Giemsa. Maji ya Giemsa yanapasua chembe nyekundu zote, zinabaki chembe nyeupe na vimelea. Unadondosha mafuta, unashusha objektifu ya 100 (lensi ya karibu na lamu) mpaka iguse mafuta. Okulari, lensi ya kwenye jicho, ni 10, kwa hiyo 10 mara 100 ni 1000, na karibu hapo ndipo mwisho wa safari yetu.

Unachoona ni uwanja wa kijivu-samawati. Viini vya chembe nyeupe vina zambarau iliyokolea, na katikati yake kuna vitu vidogo sana: nukta nyekundu yenye ukingo wa samawati, kama koma, au kama pete iliyokatika. Hiyo ni falsiparumu changa, kimelea cha malaria kinachoua zaidi. Ukikuta iliyojikunja kama ndizi, hiyo ni gametosaiti yake, hatua yake ya uzazi, hauna haja ya kuuliza mtu. Usipoona kitu, hauandiki "hasi" mpaka umepita viwanja 100. Viwanja mia, mgonjwa mmoja, na nje kuna foleni ya akina mama.

Nilipokuwa stajie, bado najifunza kazi, kwenye kituo kimoja cha afya, tulikuwa na Giemsa iliyokaa siku nyingi bila kuchujwa. Asubuhi moja niliandikia watu watatu malaria. Mkuu wangu akachukua lamu zile zile, akazungusha ile skrubu ndogo polepole sana, akaniambia niangalie. Vile vitone nilivyohesabu havikuwa kwenye kina kimoja na chembe nyeupe. Vilikuwa vinaelea juu yake. Ulikuwa uchafu wa rangi. Mmoja wa wale watatu alikuwa mtoto mwenye nimonia, ameshaanzishwa kwinini. Alipona, Mungu ashukuriwe. Tangu siku ile nachuja Giemsa kila asubuhi kabla sijagusa lamu hata moja.

Sasa, kwa nini 2000 ni namba tupu? Mwaka 1873 Mjerumani Ernst Abbe alionyesha kwamba mwanga wenyewe una mpaka. Vitu viwili vilivyo karibu kuliko mikromita 0.2 hivi, mwanga wa kawaida unavionyesha kama kitu kimoja. Kukuza zaidi ya hapo ni sawa na kuvuta picha ya simu kwa vidole: inakuwa kubwa, lakini haikuongezei habari. Ndiyo maana tunatumia mafuta. Mwanga ukitoka kwenye kioo na kuingia hewani unapinda na mwingine unapotea. Mafuta yale yanapindisha mwanga karibu sawa na kioo, kiwango chake ni 1.515, kwa hiyo mwanga unapita kama vile kioo hakikukatika.

Chembe nyekundu ya damu ina mikromita 7 au 8. Kijiti cha kifua kikuu mikromita 2 hadi 4 kwa urefu. Hivyo vyote viko ndani ya mpaka. Virusi vya Ebola vina upana wa mikromita 0.08. Viko nje kabisa. Kijana wangu hapo akanyamaza.

Nitaendelea. Mwenye swali aulize.

Mwalimu_Kenya_Lshi (Lubumbashi)

Aksanti sana mukubwa. Mimi nafundisha biolojia hapa Lubumbashi, komini (mtaa) inayoitwa Kenya. Kwenye kabati ya shule tuna mikroskopi mbili za zamani, hazina taa, ziko na kioo cha kugeuza chini. Wenzangu wanasema tuzitupe, tutafute za umeme. Na umeme wenyewe unajua vile uko. Nifanye nini?

Labo_Katindo (Goma)

Mwalimu, tafadhali usizitupe! Hiyo ya kioo ni mali. Iweke karibu na dirisha, geuza kioo kielekee ukuta mweupe unaopigwa na jua, au mawingu meupe. Lakini kamwe, kamwe kisielekee jua lenyewe. Mwanga wa jua ukipita kwenye lensi unaunguza jicho la mtoto, na hilo halina dawa. Waambie kabla hawajagusa chochote.

Kioo kina pande mbili. Ule ulio bapa utumie na objektifu kubwa kama kuna kondensa, lensi ya kukusanya mwanga chini ya lamu. Ule ulioingia ndani utumie kama hakuna.

Wanafunzi wako waambie habari ya Antonie van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi. Hakuwa na chuo. Alisaga lensi mwenyewe, moja tu, ndogo kama punje, iliyobanwa kati ya vibati viwili vya metali. Moja ya zile zilizobaki inakuza mara 270 hivi. Kwa chombo hicho, miaka ya 1670, akaona vijidudu kwenye maji, na baadaye vile vya kwenye utando wa meno. Wakati huo Robert Hooke wa Uingereza alikuwa tayari na mikroskopi ya lensi zaidi ya moja. Mwaka 1665 alichora vijumba vya gome la koki, na kutoka hapo ndipo wanasayansi walipopata jina la seli. Lakini bakteria aliziona yule wa lensi moja, kwa sababu lensi yake ilikuwa safi. Mara 270 zilizo safi zinashinda 2000 zenye ukungu.

Na kama shule ina pesa kidogo, kuna mikroskopi ya karatasi inaitwa Foldscope, ilibuniwa na Manu Prakash na wenzake chuo cha Stanford. Unaikunja mwenyewe, lensi yake ni kijiduara kidogo cha kioo, inakuza mara 140. Kwa ngozi ya kitunguu na mguu wa mbu inatosha kabisa.

Dada_Neema (Goma, muuguzi)

Yaya, mimi swali langu ni la kila siku. Siku hizi tuna TDR, vipimo vya haraka vya malaria, na mashine ya GeneXpert kwa kifua kikuu. Daktari mmoja kijana alituambia mikroskopi ni mambo ya mababu. Kweli?

Labo_Katindo (Goma)

Dada, hapana. Naomba nilieleze hili bila haraka, maana ni kosa linalowagharimu wagonjwa.

TDR inatafuta protini ya kimelea, haimtafuti kimelea mwenyewe. Protini ile inabaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo mgonjwa akirudi siku ya saba akisema bado ana homa, TDR itakuambia "chanya" na hautajua kama dawa imeshindwa au imefanya kazi. GE itakuambia. Na kuna falsiparumu ambazo zimepoteza jeni ya ile protini. TDR inayotafuta protini hiyo inaweza isizione. Lakini usiku, hakuna umeme, hakuna mtu wa labo, TDR ni mkombozi. Maswali tofauti.

Kifua kikuu ni hivyo hivyo. Robert Koch alitangaza kile kijiti mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na mpaka leo tunakitafuta kwa rangi ya Ziehl-Neelsen: vijiti vyekundu juu ya samawati. Udhaifu wake ni kwamba makohozi lazima yawe na bakteria 5,000 hadi 10,000 kwa mililita ndipo jicho lizione. GeneXpert inashika hata zikiwa chache mno, na inakuambia kama dawa ya rifampisini haifanyi kazi. Hapo inashinda, sibishi. Lakini GeneXpert inasoma DNA hata ya bakteria waliokufa. Kwa hiyo kufuatilia kama matibabu yanaendelea vizuri, mwezi wa pili, wa tano, bado tunarudi kwenye lamu.

Na mikroskopi nayo imebadilika. Ile ya fluoresensi unapaka auramini, unawasha taa ya LED ya samawati, na vijiti vinang'aa kijani-njano kwenye giza. Kwa sababu vinang'aa, unaweza kuangalia kwa kukuza mara 200 au 400 tu, uwanja unakuwa mpana, unamaliza lamu kwa muda mfupi zaidi. Tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza hizo za LED.

Nayo kolera, adui yetu wa ziwani. Kuna namna ya kuangalia inaitwa uwanja mweusi. Unaziba mwanga wa katikati, unaacha unaotoka pembeni peke yake. Mmeshaona vumbi ndani ya nyumba yenye giza, mwanga ukiingia kwenye tundu la msumari kwenye bati? Hewa hauioni, vumbi linang'aa. Ni hivyo. Unachukua choo cha maji cha mgonjwa (kinyesi) kilicho kibichi, dakika chache tu tangu kitoke, unaweka lameli, na vibrio, bakteria wa kolera, zinapita mbio kama nyota zinazoanguka. Ukiongeza tone la antiserumu inayohusika (maji yenye kingamwili dhidi yake), zinasimama. Mara ya kwanza nilipoziona zikisimama hivyo ghafla, nilimwita kila aliyekuwa korido aje aone.

Kambisti_Birere (Goma)

Bandugu, mimi si mtu wa labo, niko na meza ya kubadilisha dola Birere. Lakini nasoma. Naweza kutumia kitu kama hiki kwa noti? Watu wanatuletea dola mia, kwa macho iko sawa, jioni unaambiwa ni ya bandia.

Labo_Katindo (Goma)

Papa, swali zuri kuliko mengi niliyopata. Wewe unahitaji lupe binokulari, ile ya macho mawili, inayokuza kati ya mara 10 na 40. Mwanga unatoka juu, kwa hiyo hauhitaji kukata kitu. Unaweka noti nzima. Hata lupe ndogo ya mkononi ya mara 10, ya wauza saa, itakusaidia.

Niliweka dola mia ya kweli chini ya lupe pale labo. Karatasi yake si ya mti, ni pamba asilimia 75 na kitani asilimia 25, na ndani kuna nyuzi ndogo nyekundu na za samawati. Angalia vizuri: uzi wa kweli umezama kwenye karatasi, sehemu unaonekana, sehemu umefunikwa. Ukichukua sindano unaweza kuuinua. Kwenye bandia nyingi nyuzi zimechorwa tu, zimelala juu. Halafu angalia koti la Franklin. Kwenye noti ya kweli mistari ni mizima, wino umesimama kama matuta madogo. Noti iliyotoka kwenye printa ya wino ni vitone vya rangi vilivyorushwa, hakuna mstari hata mmoja uliokamilika. Na yale maandishi madogo kabisa, kwenye ya kweli yanasomeka, kwenye bandia yanakuwa uzi mchafu.

Wataalamu wa uchunguzi wa jinai huanza na lupe kabla ya kitu kingine chochote: nguo, viatu, bisibisi iliyovunja mlango, saini.

Sheria_Ibanda (Bukavu)

Mukubwa, hapo kwenye jinai nakuomba ukae kidogo. Nasoma sheria hapa Bukavu, mwaka wa mwisho. Huku kesi za ubakaji ni nyingi, mnajua, mji wetu ndio mji wa Daktari Mukwege, anayetibu waliobakwa. Sheria za tarehe 20 Julai 2006 zinataka mtaalamu wa afya aitwe na parke, ofisi ya mwendesha mashtaka. Lakini kwenye usikilizaji mmoja nilimsikia wakili wa utetezi anasema: "Labo imeandika hakuna mbegu za kiume, kwa hiyo hakuna ubakaji." Na watu wakatikisa vichwa. Ni sawa kisayansi? Na swali la pili, risasi.

Labo_Katindo (Goma)

Mdogo wangu, si sawa. Si sawa hata kidogo, na nakuomba siku utakapovaa lile joho ulisimamie hili.

Sisi kule labo tunachukua pamba ya usufi, tunapaka kwenye lamu, tunatia rangi. Kuna rangi mbili zinazotumika pamoja kwa kazi hii: kichwa cha mbegu kinakuwa chekundu, mkia unakuwa kijani. Mikia inakatika mapema, vichwa vinabaki kwa muda. Ukiona hata kichwa kimoja chenye umbo lake kamili, unaandika umeona. Lakini baada ya siku tatu hivi, kwa kawaida hauoni tena. Na mama anayetembea kutoka kijijini siku nne mpaka hospitalini? Aliyeoga, kwa sababu ni nani asingeoga? Mwanaume aliyevaa kondomu, au ambaye mbegu zake hazitoki? Vitu vyote hivyo vinaacha lamu tupu. Lamu tupu maana yake ni "sikuona mbegu kwenye sampuli hii, iliyochukuliwa saa hii". Basi. Mikroskopi haina uwezo wa kusema "hakubakwa". Na hata ikiziona, haiwezi kusema kama mwanamke alikubali, wala ni mbegu za nani. La mwisho hilo ni la DNA.

Na jambo dogo linaloharibu kesi nyingi: usufi ukauke kwanza kwenye hewa, kisha uingie kwenye bahasha ya karatasi. Si sasheti ya plastiki. Plastiki inafuga unyevu, ukungu unaota, na ushahidi unaoza kabla haujafika kwetu.

Kuhusu risasi, mikroskopi yake ni ya kulinganisha. Fikiria mikroskopi mbili zilizounganishwa kwa daraja lenye vioo ndani. Unaangalia kwenye okulari moja na uwanja umegawanywa kwa mstari: kushoto risasi iliyotolewa mwilini, kulia risasi uliyopiga mwenyewe majini kwa bunduki inayoshukiwa. Unazungusha polepole mpaka mikwaruzo ya kushoto ikutane na ya kulia. Ni Wamarekani waliieneza miaka ya 1920, akina Philip Gravelle na Calvin Goddard, na mauaji ya Chicago ya Februari 1929, siku ya Mtakatifu Valentino, ndiyo yaliyoipa jina.

Lakini sikia. Kila mtutu una mifereji ndani. Kalashnikov ina mifereji 4, inazunguka kulia. Kwa hiyo mtu akiandika mahakamani "risasi ina alama nne za kulia kama bunduki ya mshtakiwa", amesema tu kwamba inaweza kuwa Kalashnikov. Hapa Kivu, hiyo inamwondoa nani? Kinachotakiwa ni ile mikwaruzo midogo ndani ya mifereji, iliyoachwa na chuma kile peke yake, pamoja na alama ya pini kwenye kitako cha ganda. Uliza daima: hii alama ni ya aina yote ya bunduki, au ni ya bunduki hii?

Na masizi ya risasi mikononi ni kazi ya mikroskopi ya elektroni ya kuchanganua uso. Unabandika gundi ya kaboni mkononi, inakwenda mashineni, elektroni zinapiga kila punje, na punje inarudisha miale ya eksi inayotaja elementi zake. Punje ya mviringo yenye madini ya risasi (plumbi), bariamu na antimoni kwa pamoja, hiyo inatoka kwenye fataki ya risasi. Lakini mtu aliyenawa mikono, au zikipita saa chache za kazi, zinadondoka. Na aliyesimama karibu na mpigaji anaweza kuwa nazo.

Nywele nazo. Ndani ya unywele kuna mfereji unaoitwa medula. Kwa binadamu ni mwembamba, chini ya theluthi moja ya unywele. Kwa wanyama wengi ni zaidi ya nusu. Kwa hiyo mikroskopi ya kawaida inajibu vizuri "huyu ni mtu au mbuzi?" Haijibu vizuri "ni mtu yupi?" Marekani walijilazimisha kuijibu kwa miaka mingi. Aprili 2015 FBI wenyewe walikiri kwamba katika kesi walizopitia, angalau asilimia 90 ya ushahidi wa nywele uliotolewa na wataalamu wao ulikuwa na kauli zenye makosa. Watu walikuwa wamefungwa, wengine wamehukumiwa kifo. Mikroskopi zao zilikuwa nzuri sana, ndugu yangu. Waliona unywele unaofanana, wakatamka jina la mtu.

Sheria_Ibanda (Bukavu)

Nimenakili yote kwenye daftari. Aksanti kwa lile la karatasi na plastiki, hakuna aliyetufundisha.

Mawe_ya_Moto (Goma)

Mmesahau sisi wa jiolojia! Kuna mikroskopi ya mwanga uliopangwa, polarizanti. Tunasaga jiwe mpaka liwe na unene wa milimita 0.03, mwanga unapita ndani yake kama kwenye kioo. Lava hii nyeusi tunayojengea kuta Goma, iweke kati ya vichujio viwili uone: melilite inatoa samawati isiyo ya kawaida, nefelini ya kijivu, leusite karibu nyeusi. Kuna madini yaliyoelezwa kwa mara ya kwanza duniani kutoka mlima Shaheru, hapo ubavuni mwa volkano ya Nyiragongo: götzenite na combeite, mwaka 1957.

Na kwa jinai, tope la kiatu linasema. Lava ya Nyiragongo na ya volkano jirani, Nyamulagira, hazifanani kwa madini. Mtu akisema hajawahi kufika sehemu fulani, angalia punje kwenye soli yake.

Msitu_Rutshuru

Naongeza makala, yaani mkaa. Mti ukichomwa, mishipa yake haipotei, inabaki kwenye kaa lile. Unalivunja kwa mkono, uso mpya unauweka chini ya mikroskopi yenye mwanga wa juu. Mkaratusi ni rahisi kuujua: matundu yake yako moja moja, hayajashikana, yamepangika kwa mshazari. Gunia likiandikwa ni la miti ya kupandwa na ndani unakuta matundu yaliyoshikana mawili matatu kwa mstari, uliza ulipokatwa. Kwa wanaolinda hifadhi ya Virunga hii ni silaha isiyo na kelele.

Labo_Katindo (Goma)

Aksanti wote wawili, la makala sikulijua kwa undani huo. Kesho nitavunja kaa la jikoni kwangu niangalie.

Nirudi kwa daktari kijana wa Dada Neema, na kwa kijana wangu wa virusi. Mikroskopi ya elektroni ilijengwa Berlin mwaka 1931 na Ernst Ruska na Max Knoll. Ruska akapewa Nobel 1986, miaka 55 baadaye. Badala ya mwanga inatumia elektroni, badala ya lensi za kioo inatumia sumaku, na ndani lazima hewa yote itolewe. Ndiyo sababu hakuna kiumbe hai kinachoonwa humo. Ukitaka kuona seli hai ikitembea bila kuitia rangi, unarudi kwenye mwanga, kwenye ile ya kontrasti ya fezi ya Mholanzi Frits Zernike, aliyepata Nobel 1953.

Mwaka 1976 ugonjwa ulizuka Yambuku, kaskazini mwa nchi yetu. Profesa Muyembe, mtaalamu wetu wa virusi, alikwenda, na damu ya mtawa wa Kibelgiji aliyeugua ikasafirishwa kutoka Kinshasa hadi Antwerp ndani ya chupa ya kuhifadhia joto. Kwenye mikroskopi ya elektroni wakaona kitu kirefu, kimejipinda kama mnyoo. Walishtuka, kwa sababu umbo hilo lilikuwa linajulikana: virusi vya Marburg, vya 1967. Kwa jicho peke yake vilikuwa ni kitu kimoja. Ni vipimo vya kingamwili vilivyoonyesha kwamba hivi ni vingine, vikapewa jina la mto Ebola. Chombo kikubwa kabisa cha wakati ule kilijibu "ni virusi vya familia gani". Hakikujibu "ni vipi". Waliokuwa pale waliandika walichoona, wakaenda kuuliza njia nyingine. Hiyo ndiyo kazi yetu, na ndiyo sababu naipenda.

Mwalimu_Kenya_Lshi (Lubumbashi)

Mukubwa, narudi na habari! Leo nimezitoa zile mbili, nimezifuta, nimeziweka dirishani, kioo kwenye ukuta wa kanisa la jirani uliopakwa chokaa. Ngozi ya kitunguu na tone la iyodini. Wanafunzi 46, kila mmoja ameangalia. Vijumba vimeonekana na viini vyake! Lakini msichana mmoja amechora miduara mikubwa yenye ukingo mweusi mzito, ndani meupe kabisa, anasema hizo ndizo seli. Wenzake wamemcheka. Ni nini zile?

Labo_Katindo (Goma)

Ni mapovu ya hewa, mwalimu. Lameli iliangushwa bapa. Kesho iguse maji kwanza kwa ukingo mmoja, kwa mshazari, kisha uishushe polepole kwa sindano mpaka ilale. Hewa itatoka upande wa pili. Na yule msichana mwambie mchoro wake ni sahihi, alichora kilichokuwepo. Aandike tu chini yake "povu", kisha achore seli pembeni.